Nilitoka Ukumbini Wakati Yesu Anapigwa

Barua za Wasomaji na Majibu ya Mwalimu

Kila mwaka baada ya Pasaka hupokea barua za Kwaresima zilizochelewa njiani, nyingi zikiwa za kufunga, za kuungama, na za mashemeji walioalikwa kula wakakaa wiki nzima. Mwaka huu tatu zimezungumzia filamu moja. Nimeziweka pamoja, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida yangu, kwa hiyo wenye maswali ya mirathi wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI

Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nakuru, upande wa Kaptembwo. Nilizaliwa Vihiga katika jamii ya Kanisa la Marafiki, wale ambao wengi huwaita Waquaker, nikakulia Nakuru ambako baba alikuwa akifanya kazi. Nilipoolewa nilijiunga na Kanisa Katoliki pamoja na mume wangu, na sijajuta.

Ijumaa Kuu iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba ya asubuhi na kabla ya ibada ya saa tisa, jumuiya yetu ilionyesha filamu ya mateso ya Yesu ukumbini. Shuka mbili nyeupe zilishonwa pamoja zikatundikwa ukutani, na projekta ikaazimwa. Kwa kuwa waigizaji wa filamu hiyo huzungumza lugha za kale, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, mzee mmoja aliyepitia seminari zamani alishika maikrofoni akawa anatutafsiria, tena vizuri. Tulipofika mahali pa mijeledi hapakuwa na maneno mengi ya kutafsiri, ila askari walikuwa wakihesabu mapigo kwa Kilatini, na mzee yule, nadhani bila kukusudia ubaya wowote, akaanza kuhesabu pamoja nao kwa Kiswahili: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Mimi sikulia. Nilishikwa na kichefuchefu, mikono ikafa ganzi, kisha nikajikuta niko nje karibu na tangi la maji, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, wala sikumbuki nilitokaje.

Mwenyekiti wa jumuiya alinifuata akaniambia kwamba asiyeweza kumtazama Yesu akiteswa hataweza kumtazama akirudi. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini njiani aliniuliza kama ni ule Uquaker wangu. Nilinyamaza.

Jambo ambalo sikumwambia, na sijamwambia mtu yeyote, ni kwamba Januari 2008, nikiwa na miaka 13, niliona kupitia tundu la mabati mtu akipigwa na kundi la vijana nyuma ya nyumba yetu. Mmoja wao alikuwa anahesabu.

Je, imani yangu ina kasoro? Je, ni dhambi kukataa kuyatazama mateso ya Bwana? Na mwaka ujao nifanye nini, maana wamekwisha kutangaza kwamba itaonyeshwa tena?

JIBU

Mama, si dhambi. Nimelitanguliza hilo ili usisome haya mengine moyo ukikudunda. Nakushukuru kwa kuandika, na hasa kwa ile aya fupi ya Januari 2008, ambayo nadhani ndiyo barua yenyewe. Nitaifikia, lakini nataka kwanza tuelewane juu ya kile ulichokikimbia, kwa sababu mwenyekiti wenu anasema ulimkimbia Yesu, nami nasema uliikimbia filamu.

Filamu hiyo, The Passion of the Christ, iliongozwa na Mel Gibson, ikaanza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Februari 2004, siku ya Jumatano ya Majivu. Ilipigwa Italia, katika mji wa kale wa Matera na katika studio za Cinecittà mjini Roma, kwa Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, na ina urefu wa zaidi kidogo ya saa 2. Mimi niliitazama sebuleni kwa jirani, katika siku zile ambazo filamu ilikuja katika sahani mbili na katikati ya mateso mtu alilazimika kuinuka kubadilisha sahani. Nikiri kilichonipata. Pigo la kwanza la mjeledi liliniuma hadi nikashika mkono wa kiti, nikalia, kisha baada ya muda nikaacha kulia, na kilichonitisha ni kwamba sikuacha kwa kuwa nimefarijika bali kwa kuwa nilikuwa nimezoea. Kufikia pigo la thelathini nilikuwa najiuliza wale mafundi wa vipodozi walichanganya nini kupata damu ya namna ile. Nimefundisha somo la dini kwa miaka 27, na siku hiyo nilikaa mbele ya mtu anayeuawa nikiwaza habari za rangi. Ukitaka kupima imani kwa yaliyompata mtu mbele ya filamu hiyo, basi imani yangu niliyebaki kitini ina kesi kubwa kuliko yako uliyetoka.

Sasa fungua Biblia uone Injili zilivyoyasimulia mambo hayo hayo. Yohana, sura ya 19, mstari wa 1: "Basi ndipo Pilato alipomtwaa Yesu, akampiga mijeledi." Habari ya mijeledi imeishia hapo. Marko na Mathayo wanaitaja kwa kupita tu, katika sentensi ambayo shabaha yake ni kueleza kwamba Baraba alifunguliwa na Yesu akatolewa ili asulubiwe. Luka, anaposimulia siku yenyewe, anamnukuu Pilato akisema kwamba atamrudi kisha amfungue, wala hatuelezi mjeledi hata mmoja ukitua mgongoni. Hata misumari, ambayo katika filamu tunaisikia ikigongwa mmoja mmoja, haitajwi katika masimulizi ya kusulubiwa; tunaijua kwa sababu Tomaso, siku kadhaa baadaye, alisema hataamini mpaka aone kovu zake. Marko anasema tu, "Wakamsulibisha," kisha anaendelea na habari ya kugawanya mavazi.

Si kwamba waandishi hao hawakuujua ukali wa jambo lenyewe. Waliowasomea waliishi chini ya dola la Kirumi, na msalaba kwao ulikuwa adhabu iliyotekelezwa hadharani, kando ya barabara, ili wapita njia waone na waogope. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Lakini nadhani kuna zaidi. Tazama walichokipa nafasi: mtu mmoja wa Kirene, aliyekuwa akitoka shamba, baba yao Iskanda na Rufo, anayelazimishwa kubeba mzigo usio wake; mwanafunzi mkuu anayemkana Bwana wake mbele ya kijakazi; liwali anayetaka kuuridhisha umati. Wameandika watu walifanya nini mbele ya mateso, na mateso yenyewe wameyafunika kwa neno moja, kama wazee wetu wanavyofunika mwili wa marehemu kabla ya kuwaita majirani.

Na katika hao watu wapo wanawake. Marko 15:40 inasema kwamba palikuwako na wanawake "wakitazama kwa mbali". Mama, soma neno hilo tena. Hawakuketi mstari wa mbele, na Injili haiwalaumu kwa umbali wao, na miongoni mwao ndimo walimotoka wale walioamka alfajiri siku ya kwanza ya juma kwenda kaburini wakazipokea habari za ufufuo kabla ya mtume yeyote. Mwenyekiti wenu, anaposema kwamba asiyetazama karibu hatamwona akirudi, ameikosa habari ya Magdalena.

Mambo mengi ambayo yalikutia kichefuchefu hayamo katika Injili hata kidogo. Gibson aliyatoa kwingine, na hasa katika maono yanayohusishwa na Anne Catherine Emmerich, mtawa wa Kijerumani aliyeishi kati ya 1774 na 1824, ambayo mshairi Clemens Brentano aliyaandika akayachapisha mwaka 1833, baada ya mtawa huyo kufariki. Humo ndimo inamotoka habari ya mke wa Pilato kumpa Bikira Maria vitambaa, na Maria kuinama kufuta damu sakafuni. Emmerich alitangazwa mwenye heri Oktoba 2004, lakini Kanisa lilitazama maisha yake, si maandishi ya Brentano. Kunguru anayemdonoa jicho mwizi aliyekataa kutubu ni wa filamu, na yule Shetani anayepita nyuma ya askari na mtoto mwenye sura ya kizee mikononi ni wa filamu pia. Msanii ana haki ya kubuni. Ila mtu asije akakwambia kwamba kwa kukataa kumtazama kunguru umeikataa Injili.

Kuna jambo moja ambalo nimelifikiria sana tangu nipate barua yako, nalo ni kwamba asubuhi ya siku ile ile ulikuwa umekwisha kuyafuata mateso hayo hayo katika Njia ya Msalaba, na hukuanguka. Uliviona vituo vyote 14, ukamwona Yesu akianguka mara tatu, akikutana na Mama yake, akipanguswa uso na Veronika (ambaye naye hamo katika Injili, lakini huyo amezeeka nasi kwa karne nyingi kiasi kwamba hatumwulizi kitambulisho). Kwa nini asubuhi uliweza na mchana ukashindwa? Kwa sababu katika Njia ya Msalaba unatembea. Miguu yako iko barabarani, vumbi la Nakuru linakupiga usoni, unapiga magoti, unaimba, mtoto anataka maji, na baina ya kituo na kituo kuna nafasi ambayo ndani yake wewe mwenyewe unaamua uone kiasi gani. Filamu haikupi nafasi hiyo. Imekufunga kitini gizani, imekuchagulia utazame wapi na kwa muda gani, na imepandisha sauti ya mjeledi kuliko sauti yoyote ambayo sikio lingeisikia kutoka umbali wa kawaida. Walioifuata asubuhi walikuwa waombaji. Mchana waligeuzwa watazamaji, na hilo si jambo lile lile hata kama machozi yanafanana.

Kuhusu Uquaker wako, mwambie mumeo kwa upole kwamba ameuliza swali zuri kwa sauti mbaya. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, Wamarekani watatu, wakajenga kanisa lisilo na sanamu ya msulubiwa ukutani, lisilobatiza kwa maji, na linalofundisha kwamba vita na kumwaga damu ni kinyume cha Kristo. Mtoto aliyelelewa humo hakuzoezwa kusali akitazama majeraha. Alizoezwa kuyaona majeraha kama jambo la kukomeshwa. Huo si upungufu, na nadhani jumuiya yenu ingefaidika kuwa na mtu mmoja ambaye damu bado inamshtua.

Sasa Januari 2008. Wasomaji wengine wa gazeti hili walikuwa wadogo mno kukumbuka, kwa hiyo niseme kwa ufupi kwamba ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru kwa nguvu katika wiki ya mwisho ya Januari, na mitaa ambayo watu wake walikuwa wamekopeshana chumvi kwa miaka mingi iligawanyika kwa usiku mmoja. Wewe ulikuwa na miaka 13, nyuma ya mabati, na uliona. Ukasikia mtu anahesabu. Ukakaa na hesabu hiyo miaka yote, ukaolewa, ukazaa, ukaenda kanisani, mpaka mzee mmoja mwema mwenye maikrofoni akaianza upya pale ilipoachwa, kwa Kiswahili, lugha ile ile. Laiti angehesabu kwa Kilatini, pengine ungebaki kitini ukalia pamoja na wenzako.

Kilichotoka ukumbini siku ile, kwa hiyo, kilikuwa mwili wako. Hofu kubwa inayompata mtu akiwa mtoto huhifadhiwa pamoja na sauti na harufu zake, na sauti ikirudi mwili hujiokoa kwanza, ndipo akili ifuate ikiuliza tuko wapi. Ndiyo maana hukumbuki ulivyotoka. Huhitaji kuliungama hilo. Lakini linahitaji kusemwa, na hapa nakuomba mambo mawili. Mwambie mume wako habari ya mabati kabla hamjazungumza tena habari ya dini. Chagua wakati watoto wamelala, na umwambie mapema kwamba hutaki ushauri bali unataka akae. Kisha umtafute mshauri wa kisaikolojia aliyesomea kazi hiyo, hospitalini au penginepo, hasa ikiwa tangu Ijumaa Kuu usingizi umekuwa mwepesi, au unashtuka kwa kishindo kidogo, au umeanza kupita njia ndefu ili kuepuka mahali fulani. Padre anaweza kukusindikiza katika hilo. Mwenyekiti wa jumuiya simshauri.

Mwaka ujao usiende. Nenda kwenye Njia ya Msalaba, kisha urudi nyumbani ukapike uji, uende kwenye ibada ya saa tisa ambako mateso yatasomwa kutoka Injili ya Yohana, neno kwa neno, pamoja na ule mstari mmoja wa mijeledi. Ukisikia mwili unatulia katika mstari huo, utakuwa umejijibu. Na ukiona unao ujasiri, mwendee yule mzee mkalimani, si kwa lawama, umwambie tu kwamba wapo watu ukumbini ambao hesabu ile wamewahi kuisikia. Nina hakika si wewe peke yako uliyesimama karibu na tangi la maji, ila wewe ndiye uliyeandika.

SWALI

Mwalimu, mimi ni kijana wa Kondele, Kisumu. Tuliitazama filamu hiyo katika kibanda cha video Jumamosi Kuu, kwa shilingi 20. Nilitoka na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hasira ya Wayahudi, jinsi makuhani wale walivyokazana mpaka Pilato aliyetaka kumfungua akashindwa. Rafiki yangu mmoja alisema kwamba mataabu yote yaliyowapata duniani waliyataka wenyewe, na wengi wakakubali. Usiku nilishindwa kulala, nikajiuliza kama hasira hiyo ni ya Mungu ama ni yangu.

JIBU

Ni yako, kijana wangu, na kwa sehemu ni ya waliotengeneza filamu. Nafurahi kwamba ilikunyima usingizi.

Hesabu vizuri watu waliokuwa pale. Yesu alikuwa Myahudi. Mama yake, Petro, Yohana, Magdalena, wanawake wa Yerusalemu waliomlilia barabarani, wote Wayahudi; aliyepigwa na waliomlilia ni wa kabila moja na wale makuhani. Aliyetoa amri ni Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36, na msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi, wala si ya Torati, ambayo hata katika kuchapa viboko iliweka kikomo cha 40. Filamu imechagua kumfanya Pilato mtu wa mashaka na huruma, na ni kweli Injili zinamwonyesha akisitasita, lakini mtu mwenye jeshi mkononi anayeua ili umati unyamaze hastahili huruma zote hizo alizopewa na kamera.

Katika Mathayo 27:25 umati unasema kwamba damu yake iwe juu yao na juu ya watoto wao. Wakati filamu inatayarishwa palikuwa na malalamiko makubwa juu ya mstari huo, na hatimaye maneno yalibaki yakitamkwa kwa Kiaramu huku tafsiri yake ikiondolewa chini ya picha. Walalamikaji hawakuwa wakibuni hofu. Katika Ulaya ya kale maigizo ya mateso yaliyochezwa Juma Kuu yaliwachochea watazamaji dhidi ya Wayahudi, na nyakati nyingine watu wa namna yako, waliotoka wakiwa na hasira ya namna yako, waliishia kwenye milango ya majirani zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema wazi kwamba yaliyotendeka katika mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote walioishi wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Na hapa nikupe jambo dogo la kumpelekea rafiki yako: Maia Morgenstern, mwigizaji wa Romania aliyecheza sehemu ya Bikira Maria, yule ambaye uso wake nadhani ndio uliowaliza nyote pale kibandani kuliko damu yote, ni Myahudi.

Wewe ni mtu wa Kisumu. Unajua jinsi kosa la wachache linavyobebeshwa kabila zima kabla jua halijatua, na unajua ni nani hulipa. Rafiki yako anaposema waliyataka wenyewe, mwulize amewahi kuyasikia wapi maneno hayo yakisemwa juu ya watu wa kwao.

SWALI

Mwalimu, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili karibu na mji wa Kakamega. Niliwaonyesha watoto wangu filamu ya mateso kwenye kompyuta, wenye miaka kati ya 8 na 12, nikiamini kwamba watampenda Yesu zaidi wakijua alivyoumia. Sehemu nyingine niliwaambia wafumbe macho. Mzazi mmoja amenigombeza, na watoto watatu hawajarudi tangu siku hiyo. Je, nilikosea, au wazazi wa siku hizi wamewadekeza watoto?

JIBU

Milele na milele, amina. Ulikosea, mwalimu mwenzangu, ingawa kwa nia njema.

Marekani filamu hiyo ilipewa daraja ambalo linamtaka mtu aliye chini ya miaka 17 aandamane na mzazi au mlezi, na Uingereza ilipofika kumbini ilipewa 18. Mwaka 2005 ilitolewa nakala iliyopunguzwa dakika chache za ukatili, nayo pia haikukusudiwa watoto wa darasa lako. Hapa kwetu Bodi ya Kuainisha Filamu inayo madaraja yake, kuanzia lile la watu wote hadi 18, na yameandikwa kwa ajili ya filamu za dini kama za nyingine zote. Jina la Yesu katika kichwa cha filamu halibadilishi kile ambacho jicho la mtoto wa miaka 8 linaona. Na kufumba macho hakusaidii sana. Mama wa Nakuru hapo juu anaweza kukueleza habari ya sauti.

Mtoto haelewi bado tofauti ya anayeteswa kwa ajili yangu na anayeteswa kwa sababu yangu. Ukimwonyesha mtu akichanwa ngozi ukamwambia ni kwa makosa yako, ataikumbuka ile sahani aliyoivunja Jumanne. Ukitaka wayajue mateso ya Bwana, soma nao Marko sura ya 15, yenye mistari 47, kwa sauti, mmoja awe Pilato, mwingine Simoni Mkirene, wengine umati, kisha Jumapili inayofuata msome sura ya 16 wakimbie kutoka kaburini. Watoto wanapenda sana kukimbia kutoka kaburini, na filamu ile ufufuo iliupa muda mfupi mno.

Lakini hiyo ni kazi ya mwakani. Kabla ya Jumapili hii nenda katika nyumba tatu za hao watoto ambao hawajarudi, bila kompyuta na bila kitabu. Anza kwa kumwomba radhi mzazi, mtoto akisikia. Kisha umwulize mtoto alisikia nini alipokuwa amefumba macho, na ukae mpaka amalize kusema.